Vimeng'enya ndugu vya hamira: jinsi ya kutenganisha kazi zao kwa kufuta jeni

Seli ya hamira, Saccharomyces cerevisiae, hubeba vimeng'enya vitatu vinavyofanya mmenyuko mmoja: kugeuza malati kuwa oksaloasetati, na kuirudisha, huku NAD, molekuli inayobeba elektroni (ikizibeba huitwa NADH), ikizipokea au kuzitoa. Huitwa dehidrojenesi za malati, na jeni zake ni MDH1, MDH2 na MDH3. Ukivisafisha na kuvipima ndani ya kyuveti, vyote vitatu vitakufanyia kazi hiyohiyo. Kwa nini basi seli ndogo kiasi hiki itunze vitatu?

Kujua hilo inabidi uondoe jeni mojamoja kutoka seli hai, kisha uilishe seli vyakula mbalimbali uone inashindwa wapi. Mwongozo huu unafuata familia ya MDH mwanzo hadi mwisho, kwa sababu matokeo yake yanajulikana vizuri na mwanafunzi anaweza kujipima nayo. Nimeuandika kwa mtu aliyewahi kushika pipeti na kufanya PCR, lakini hajawahi kufuta jeni ya hamira.

Kuhusu maandishi: jeni kamili huandikwa kwa herufi kubwa, MDH2. Jeni iliyofutwa huandikwa kwa herufi ndogo na alama ya pembetatu, mdh2Δ. Protini ni Mdh2.

Hatua ya 1: Ijue familia yote

Fungua hifadhidata ya Saccharomyces Genome Database, ambayo haina malipo, uandike mambo matatu kwa kila jeni: iko kromosomu gani, protini yake ina urefu gani, na protini hiyo hukaa sehemu gani ya seli. Kwa familia yetu: MDH1 iko kromosomu ya XI na protini yake hukaa mitokondria, MDH2 iko kromosomu ya XV na protini yake hukaa saitosoli, yaani majimaji ya seli nje ya mitokondria, MDH3 iko kromosomu ya IV na protini yake, yenye asidi amino 343, hukaa ndani ya peroksisomu, kifuko kidogo ndani ya seli. Ndugu hawa ni kama wapishi watatu wanaojua pishi moja, kila mmoja katika jiko lake.

Angalia pia mikia ya protini. Mdh3 inaishia na asidi amino tatu, serini, lisini na lusini, zinazoandikwa SKL. Huo ndio muhuri unaoipeleka protini kwenye peroksisomu. Mwanzoni mwa Mdh2 kuna kipande cha asidi amino 12 ambacho ndugu zake hawana, nacho kinahusika na jambo tutakalolikuta hatua inayofuata.

Usidhani familia imekamilika kwa sababu tu orodha yako imekamilika. MDH3 yenyewe ilipatikana kwa njia ya kufuta. Maabara ya Lee McAlister-Henn huko Marekani ilikuwa imekwisha kuvuruga MDH1 na MDH2 ndani ya nasaba moja, yaani aina moja ya hamira ya maabara, na bado seli zilionyesha utendaji mdogo wa dehidrojenesi ya malati. Wakakisafisha kimeng'enya kilichobaki, wakasoma sehemu ya mfuatano wake wa asidi amino, na kwa mfuatano huo wakaitafuta jeni kwa PCR. Taarifa yao ilitoka mwaka 1992. Jeni zote tatu zilipovurugwa pamoja, utendaji haukuonekana tena kabisa. Mabaki madogo ya utendaji ni jambo la kufuatilia. Usiyatupe kwa kudhani ni kosa la kipimo.

Hatua ya 2: Chagua chakula kabla ya kuagiza praima

Wengi huiruka hatua hii, nami naiona ndiyo moyo wa kazi yote. Hamira ikipewa glukosi hupata nishati kwa uchachushaji na haihitaji mitokondria kwa lazima. Ukiotesha mdh1Δ, mdh2Δ na mdh3Δ kwenye glukosi ukaona zote zinakua, utakuwa hujajifunza chochote kuhusu jeni hizo. Chakula ndilo swali unaloiuliza seli, na glukosi haiwaulizi ndugu hawa swali lolote gumu.

Fuata njia ya kaboni kwenye karatasi. Seli ikila asetati au ethanoli, kaboni yote huingia ikiwa vipande vya kaboni mbilimbili. Ili kujenga sukari za ukuta wa seli na za asidi nukleiki, seli lazima iunde oksaloasetati ndani ya saitosoli na kuigeuza kuwa fosfoenolpiruvati. Hapo ndipo Mdh2 inahitajika. Nasaba yenye MDH2 iliyovurugwa haikui kwenye mlo haba wenye ethanoli au asetati kama chanzo pekee cha kaboni. Mlo haba maana yake ni chumvi, vitamini, chanzo cha nitrojeni na chanzo kimoja cha kaboni, basi. Ukitumia mlo kamili wenye peptoni, dosari hiyo hujificha, maana peptoni huleta asidi amino, aspartati ikiwamo, ambazo seli huweza kuzigeuza kuwa oksaloasetati bila Mdh2.

Mdh1 ni sehemu ya mzunguko wa Krebs ndani ya mitokondria. Nasaba isiyo nayo ilishindwa kukua kwa asetati, na kwa gliseroli au laktati ikakua polepole. Mdh3 ina siri yake. Katika hamira, asidi za mafuta huvunjwa ndani ya peroksisomu peke yake. Kazi hiyo huzalisha NADH, na utando wa peroksisomu hauipitishi NADH. Mdh3 huzihamishia elektroni za NADH hiyo kwenye oksaloasetati, malati inayotokea hutoka nje, na NAD iliyopatikana hurudi kazini. Bila Mdh3, uvunjaji wa mafuta hukwama na seli haikui kwa oleati, ambayo ni asidi ya mafuta. Kwa asetati, kuvurugwa kwa MDH3 kunapunguza tu kasi ya kukua.

Kwa hiyo andaa milo hii: mlo kamili wenye glukosi asilimia 2 (dondoo ya hamira asilimia 1, peptoni asilimia 2), mlo kamili wenye gliseroli asilimia 3, mlo kamili wenye asetati ya potasiamu asilimia 2, mlo haba wenye ethanoli asilimia 2, mlo haba wenye asetati, na mlo wa oleati takriban asilimia 0.1, wenye dondoo ya hamira kidogo tu na Tween 40 ya kuyachanganya mafuta na maji. Ethanoli itie agari ikishapoa hadi unaweza kuishika chupa, la sivyo itaruka na mvuke. Tengeneza pia sahani zenye Tween 40 bila oleati, kwa sababu seli zinaweza kujikongoja kwa Tween yenyewe ukadhani zinakula oleati.

Jambo la mwisho kuhusu glukosi: seli zinazokula ethanoli zikimwagiwa glukosi, Mdh2 huvunjwa kwa haraka. Kile kipande cha asidi amino 12 ndicho kinachoitambulisha kwa mfumo wa kuvunja protini. Basi hata ukitaka kupima utendaji wa kimeng'enya, usitumie seli zilizolelewa kwa glukosi ukategemea kuiona Mdh2.

Hatua ya 3: Pata nasaba inayofaa

Hamira ya dukani haifai. Nasaba za kuokea mikate mara nyingi zina nakala nyingi za kromosomu, na hazina alama za kijenetiki za kuchagulia. Tumia nasaba za maabara kama BY4741 na BY4742, zenye seti moja ya kromosomu na jinsia tofauti za kujamiiana, zote zikitokana na ukoo wa S288C ambao mfuatano wa jenomu yake ulikamilishwa mwaka 1996.

Nasaba hizi zimefutwa jeni kadhaa za kutengeneza asidi amino na urasili. BY4741 inahitaji histidini, lusini, methionini na urasili. BY4742 inahitaji lisini mahali pa methionini. Kwenye mlo haba lazima uziongeze kwa kiasi kilekile kwa kila nasaba unayolinganisha. Usiongeze aspartati wala usitumie mchanganyiko wa asidi amino zote, maana utakuwa umeirudisha peptoni kwa mlango wa nyuma.

Unaweza kununua nasaba zilizokwisha kufutwa jeni. Mradi wa kimataifa ulifuta karibu kila jeni ya hamira, mojamoja, na mkusanyiko wake husambazwa na vituo kama EUROSCARF cha Ujerumani. Ni njia halali na ya haraka. Hata hivyo, nasaba ya kununua nayo ihakiki kama utakavyohakiki ya kwako.

Hatua ya 4: Tengeneza kipande cha kufutia

Hamira ina tabia inayoirahisisha kazi hii: DNA nyoofu ikiingia ndani ya seli, ncha zake hutafuta mfuatano unaofanana nazo kwenye kromosomu na kubadilishana nafasi. Rodney Rothstein aliionyesha njia ya kufuta jeni kwa hatua moja kwa kutumia tabia hii mwaka 1983. Mwaka 1994 Achim Wach na wenzake wa Basel wakatoa kaseti ya kanMX, kipande cha DNA kinachoipa hamira ukinzani dhidi ya dawa ya G418.

Praima ya mbele iwe na herufi 45 zinazotangulia mwanzo wa MDH2 kwenye kromosomu, zikifuatwa na CGTACGCTGCAGGTCGAC. Praima ya nyuma iwe na herufi 45 zinazofuata mwisho wa jeni, zikisomwa kwa uzi wa upande wa pili, zikifuatwa na ATCGATGAATTCGAGCTCG. Vipande hivyo viwili vya mwisho ndivyo vinavyoshika plazmidi, yaani kiduara cha DNA, yenye kanMX. PCR itakupa kipande cha takriban herufi 1,500 pamoja na mikia yako. Kabla ya kuagiza, angalia kama herufi zako 45 zinaingia ndani ya jeni jirani: ukimkata jirani, utampa MDH2 lawama zisizo zake.

Hatua ya 5: Ingiza DNA

Njia ya asetati ya lithiamu inatosha na vifaa vyake ni vya kawaida. Otesha seli kwenye mlo kamili wa glukosi wa majimaji, nyuzi 30, hadi zigawanyike walau mara mbili na kufika takriban milioni 20 kwa mililita. Mililita 50 zitakutosha kuingiza DNA mara kumi. Zioshe kwa maji. Kwa kila mara, juu ya seli weka: PEG 3350 ya asilimia 50, mikrolita 240, asetati ya lithiamu ya molari 1, mikrolita 36, DNA saidizi ya samaki iliyochemshwa dakika 5 na kupozwa kwenye barafu, mikrolita 50, na DNA yako pamoja na maji, mikrolita 34. PEG itangulie kuwekwa, kwa kuwa ndiyo inayozikinga seli dhidi ya ukali wa lithiamu. Changanya kwa nguvu, weka nyuzi 42 kwa dakika 40.

Usizimwage seli moja kwa moja kwenye G418. Zipe saa 3 hivi kwenye mlo wa majimaji ili jeni ya ukinzani ianze kufanya kazi, ndipo uzipande kwenye mlo kamili wenye G418 mikrogramu 200 kwa mililita. Vikundi vikubwa vya seli (koloni) huonekana baada ya siku mbili au tatu. Vingi vya vile vidogo hufifia ukivihamishia sahani mpya. Weka sahani moja ya seli zisizopewa DNA. G418 haifanyi kazi vizuri kwenye mlo haba wenye salfeti ya amonia. Ukilazimika kuitumia huko, tumia glutamati ya sodiamu kama chanzo cha nitrojeni.

Hatua ya 6: Hakikisha jeni imetoka kweli

Chukua vikundi sita au zaidi. Fanya PCR kwa kila kiungo: praima moja ikae nje ya eneo lililobadilishwa, nyingine ndani ya kanMX. Fanya upande wa kushoto na wa kulia. Kisha fanya ya tatu kwa praima mbili za ndani ya MDH2, ambayo haipaswi kutoa kitu. Kutegemea tofauti ya urefu peke yake si salama kwa familia hii, maana jeni zenyewe zina herufi 1,000 hivi na kaseti 1,500. Kwenye jeli mbaya mistari hiyo itakukanganya. PCR ya tatu ndiyo hufichua seli zilizojiongezea nakala ya kromosomu ili kubaki na jeni huku zikiwa na ukinzani.

Kisha kila nasaba ijaribu kwenye gliseroli. Hamira hupoteza DNA ya mitokondria kwa urahisi, hasa ukoo wa S288C, na seli ya namna hiyo haikui kwa gliseroli, ethanoli wala asetati hata jeni zake zote za MDH zikiwa salama. mdh2Δ isiyokua kabisa kwa gliseroli itupe, chukua kikundi kingine. Kwa mdh1Δ, ambayo gliseroli huichosha kwa haki yake, jamiisha nasaba hiyo na nasaba isiyo na DNA ya mitokondria kabisa: diploidi, yaani seli ya muungano yenye seti mbili za kromosomu, ikikua kwa gliseroli, mitokondria ya mdh1Δ ilikuwa nzima.

Hatua ya 7: Matone

Lea nasaba zote usiku mmoja kwenye glukosi, zioshe kwa maji mara mbili ili usibebe peptoni, zisawazishe hadi OD (kipimo cha wingi wa seli kwa mwanga) ya 1 kwenye nanomita 600, kisha punguza mara kumi, mara mia, mara elfu. Dondosha mikrolita 5 za kila moja. Kila sahani iwe na nasaba mzazi na nasaba unayojua itashindwa: kwa oleati tumia pox1Δ, isiyo na kimeng'enya cha kwanza cha kuvunja mafuta. Bila nasaba hiyo, sahani ya oleati haiaminiki.

Glukosi isome siku ya pili. Ethanoli, asetati na oleati siku ya nne hadi ya saba. Piga picha kila siku. Nasaba inayochelewa na nasaba isiyokua kabisa zinasema mambo mawili tofauti, na picha ya siku moja haitakuonyesha tofauti hiyo. Kwenye oleati tazama pia uwazi unaojitokeza kuzunguka matone: mafuta yaliyoliwa huacha agari angavu.

Hatua ya 8: Pima utendaji wenyewe

Hamishia seli kutoka glukosi kwenda mlo kamili wa asetati kwa saa kadhaa, uzivunje kwa shanga za kioo kwenye barafu, na upime kushuka kwa NADH kwenye nanomita 340. Anza na oksaloasetati na NADH, kwani upande huo ndio mmenyuko unaoelekea wenyewe. Oksaloasetati huharibika ndani ya maji, itengeneze siku hiyohiyo. Pima kwanza bila oksaloasetati, kwa sababu vimeng'enya vingine hula NADH pia. Kiasi hicho kitoe. Gawanya kwa protini yote uliyoweka.

Usishangae mdh3Δ kuonekana sawa na mzazi. Mdh3 huchangia sehemu ndogo tu ya utendaji wa seli nzima kwa asetati, ilhali kwa oleati haina mbadala. Kiasi cha kimeng'enya na uzito wa kazi yake ni mambo mawili mbalimbali.

Hatua ya 9: Irudishe jeni

Dosari ikionekana, weka MDH2 pamoja na promota yake, yaani kipande cha DNA kinachoiwasha jeni, kwenye plazmidi ya nakala chache, kama pRS416 inayochaguliwa kwa urasili, na uiingize ndani ya mdh2Δ. Nasaba ya kulinganisha ipewe plazmidi tupu. Kukua kukirudi, una haki ya kusema dosari ilitokana na MDH2.

Hapa pia ndipo unapoweza kuuliza swali zuri kuliko yote: ni mahali au ni protini yenyewe? Ondoa herufi za SKL mwishoni mwa MDH3 na protini yake itabaki saitosoli. Iweke ndani ya mdh2Δ, uioteshe kwenye mlo haba wenye ethanoli, na kando yake weka mdh2Δ iliyopewa MDH3 yenye mkia kamili. Pima utendaji wa zote mbili pia, usije ukalinganisha protini iliyo nyingi na iliyo chache.

Hatua ya 10: Futa wawili, kisha watatu

Jamiisha mdh1Δ yenye kanMX na mdh2Δ ya jinsia nyingine yenye natMX, inayotoa ukinzani dhidi ya nosiotrisini. Chagua diploidi kwa dawa zote mbili, uziache zitoe spora kwenye asetati ya potasiamu asilimia 1. Diploidi ina nakala nzima ya kila jeni, kwa hiyo asetati haiisumbui. Tenganisha spora nne za kila mfuko kwa sindano ya darubini. Kwa kuwa jeni ziko kromosomu tofauti, robo ya spora hubeba ufutaji wote wawili. Ukiongeza mdh3Δ yenye hphMX, inayotoa ukinzani dhidi ya higromisini, sehemu moja ya nane hubeba zote tatu. Spora zenyewe zioteshe kwenye glukosi. Spora za mfuko mmoja ndizo za kulinganisha, kwa sababu zimegawana damu ya wazazi walewale.

Hatua ya 11: Hamia familia nyingine

Ukishamaliza MDH, jaribu dehidrojenesi za isositrati zinazotumia NADP, ndugu wa NAD (ikibeba elektroni huitwa NADPH): IDP1 ya mitokondria, IDP2 ya saitosoli, IDP3 ya peroksisomu. Ukiibeba orodha yako ya milo kama ilivyo, idp3Δ itakua vizuri kwa oleati na utaona kana kwamba IDP3 haina kazi. Badili mafuta. Oleati ina kifungo maradufu kimoja, kwenye kaboni ya 9, namba witiri. Asidi ya arakidoni ina vinne, vikiwamo vya kaboni ya 8 na ya 14, namba shufwa, na vifungo vya namba shufwa haviondoki bila NADPH ndani ya peroksisomu, ambayo Idp3 ndiyo huitengeneza. Kwa mafuta hayo, idp3Δ haikui.